Afande wa Darasa ya Kodi

Niseme mapema: mi nina hasira na ule muzee, na hasira yenyewe haijapoa. Mutu mwenye anatafuta maneno ya kusifu mwalimu aende kwa mazishi, pale hata mwizi anasifiwa.

Tulimuita Afande. Jina yake ya kweli ilikuwa kwa kitambulisho, kitambulisho ilikuwa kwa mufuko ya ndani, na mufuko ilikuwa na kifungo. Alizaliwa wapi na nani, sikuuliza. Gisi alikuwa anapiga kelele, nilifikiri alitoka kwa tumbo ya mama yake na filimbi kwa mudomo.

Kwa jeshi alikuwa mutu wa sinyali, bale banatuma ujumbe kwa redio, na kompyuta alijifunza hukohuko. Akastaafu, akarudi Bwera na laptopu nane zenye ofisi fulani ilikuwa inataka kutupa. Koperativi ya kahawa ikamupa stoo moja yenye haina kazi. Mpaka leo nikisikia harufu ya kahawa mbichi, kichwa yangu inaanza kutafuta mabano yenye haijafungwa.

Kitu ya kwanza alifanya ni kuandika kibao na rangi nyeupe, akaisimamisha kwa barabara ya kwenda Mpondwe: DARASA YA KODI. BURE. JUMAMOSI SAA TATU.

Kwa Afande, kodi ni yale maneno unaandikia kompyuta ili ifanye kazi. Lakini kwa barabara ya Mpondwe, penye malori inalala mustari ikingoja forodha, kodi ni kodi. Jumamosi ya kwanza stoo ikajaa mpaka mulango. Babeba mizigo ba mupaka, maajenti na mafaili yao, Hajji mumoja mwenye malori matatu, na musichana anaitwa Biira, na beseni ya nyanya kwa kichwa, mwenye alitaka kujua juu ya nini banamusimamisha kila siku pale geti. Afande akaona umati, akafikiri ni sifa yake. Akasema nusu saa nzima: kodi ni amri, masini inapokea amri, masini haibishani. Batu banaitikia na kichwa. Mwisho Hajji akanyoosha mukono, na heshima yote.

"Afande, nimeelewa masini. Sasa kodi ya mafuta yenyewe imepanda ama imebaki?"

Bakatoka wote. Akabaki Biira.

"We, mbona hauendi?" Afande akamuuliza.

"Hapa iko kivuli, nyanya yangu haiozi. Endelea tu."

Hivyo ndiyo darasa ilianza, na mwanafunzi moja na beseni moja. Tulimuambia Afande abadilishe kibao. Akakataa. "Tangazo ikishatoka imetoka." Basi kila Jumamosi mutu mumoja anakuja na karatasi ya forodha mukononi, na Afande anamufokea kwamba amekosea nyumba, halafu anakaa naye chini, anamusomea karatasi yote, anamueleza mustari kwa mustari, halafu anamufukuza. Huyo ndiyo Afande. Unashindwa umuweke kwa kapu gani.

Laptopu alikuwa anasugua gisi anasugua viatu. Anazipanga mustari, anapita na kitambaa, anapuliza, anapita tena. Moja alisugua mpaka herufi E ikafutika. Biira akauliza, "Afande, E iko wapi?"

"Iko kazini. Inafanya kazi bila sare."

Na hakucheka. Alikuwa anatoa maneno ya kuvunja mbavu na uso kama kizuizi ya polisi.

Sasa mimi. Mi nilimaliza darasa ya saba, nikamalizana na shule. Nina meza na mwavuli pale Bwera, natengeneza simu. Siku moja Afande alileta simu yake, akakuta naeleza mama mumoja juu ya nini betri yake inakufa mbio. Namuambia, "Mama, hii aplikesheni yote ni bageni. Uliwafungulia mulango mwezi jana, hukuwaaga. Beko kwa chumba ya ndani, banakula." Mama akacheka, akazima zote mwenyewe, moja moja, anawaaga na jina. Afande alisimama akangoja mpaka mama aende.

"We kijana. Kutengeneza kwako ni ya kawaida. Lakini kueleza unajua."

"Asante, Afande. Ama ni matusi?"

"Jumamosi saa tatu. Unakuwa menta wa banafunzi ba mwanzo. Kazi ya kujitolea."

"Lakini mi sijajitolea."

"Kwa jeshi, kujitolea ni afande kukuonyesha na kidole."

Akanionyesha na kidole.

Nikafika nyumbani nikamuambia mama nimekuwa menta. Akashika kichwa. "Mental? Mutoto wangu amepata wazimu?" Nikamuambia, si mental, mama, ni menta, ni mutu anafundisha bila kulipwa. Akauliza, "Inatofauti gani?" Ile swali ningeishika vizuri siku ile, leo nisingekuwa na hii hasira.

Kodi nilikuwa sijui hata moja. Afande alinifundisha mwezi muzima, kila jioni nikikunja mwavuli. Ikafika siku ya kuanza, nilikuwa mbele ya banafunzi kwa kurasa ine tu. Nikamuambia naogopa. Akasema, "Kurasa ine inatosha. Ukiwa mbele sana, hauoni penye beko banaanguka." Maneno kama hiyo ndiyo inafanya nishindwe kumuchukia vizuri.

Siku yangu ya kwanza, Biira aliandika mustari yake, akabonyeza, kompyuta ikatapika maandishi mekundu. Nikaangalia mara moja tu: alisahau kufunga mabano. Mi ni fundi wa simu, mikono yangu haiombi ruhusa. Nikapita juu ya bega yake, nikabonyeza, tayari! Biira akaangalia kompyuta gisi mutu anaangalia sahani yenye mwingine amemaliza.

"MIKONO NYUMA!"

Stoo nzima ikaweka mikono nyuma. Hata mulinzi wa koperativi kule nje — ngoja, hii neno "kule" niiache kwanza, nitaifikia. Mulinzi mwenye alikuwa nje, hata yeye akaweka mikono nyuma.

Afande akakuja mpaka pua yangu. "Umefanya nini?"

"Nimemusaidia."

"Umemuibia. Ile kosa ilikuwa yake. Alikuwa anaikaribia. Sasa amebaki na nini?"

"Amebaki na hasira," Biira akajibu mwenyewe. "Rudisha kosa yangu."

Mi nikafuta ile mabano. Nikarudisha kosa ya mutu kama mwizi anarudisha kuku mbele ya mwenyekiti. Halafu nikasimama na mikono nyuma, dakika kumi, vidole inaniwasha, naona ile mabano inakosekana kama jino ya mbele, na sina ruhusa kusema. Naruhusiwa kuuliza tu: "Mustari ya juu na ya chini inafanana?" Biira akaangalia juu. Akaangalia chini. Akapiga meza na ngumi, akacheka mpaka nyanya ikaanguka. Mi nilifurahi kuliko siku nilipopata hii mwavuli. Siongopi.

Hivyo alikuwa anafundisha, na alikuwa na haki. Hiyo ndiyo inauma. Angekuwa mujinga ningemusahau.

Lakini alikuwa na ugonjwa. Mbele ya batoto alikuwa bunduki. Mbele ya mutu mwenye kadi imening'inia kwa shingo alikuwa kitambaa ya kupangusa kiti. Siku moja kijana wa kampuni ya mbegu aliingia na kadi yake kwa shingo. Afande akasimamisha darasa. "Mugeni! Simama! Salimia!" Tukasalimia. Kijana akashtuka, akasema, "Samahani, nilikuwa natafuta choo." Afande akamusindikiza mpaka choo. Akamungoja. Tulicheka wiki nzima, na mi nilicheka kuliko bote, juu sikujua ile ugonjwa itanikula mimi.

Nifike sasa kwa siku ya sifuri.

Kwetu Bakonzo, jina ya mutoto inafuata gisi alizaliwa. Kijana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa ine Kule, wa tano Thembo. Mi ni wa ine, kwa hiyo jina yangu ni Kule, na ukienda kwa batu ba Kiswahili ya pwani na jina hii banageuka kuangalia nyuma yao. Afande alitaka kufundisha gisi kompyuta inapanga vitu kwa orodha. Akachora visanduku tano kwa ubao, akaandika yale majina tano. Mpaka hapo, akili nzuri. Halafu akasema:

"Kompyuta inaanza kuhesabu kwa sifuri. Kwa hiyo Baluku ni sifuri."

Tulikuwa na Baluku mumoja, kijana munene, anatoka Maliba kila Jumamosi. Akasimama polepole.

"Nani sifuri?"

"Wewe. Kaa chini."

"Afande, mi ni mukubwa kwa nyumba yetu. Baba akisafiri, ni mi banauliza. Sifuri ni mudogo wangu."

"Nimesema kaa chini!"

"Sifuri anakaa aje? Sifuri hana hata matako."

Darasa ikalipuka. Lakini Baluku hakuwa anacheka, na bengine benye bamezaliwa ba kwanza bakaanza kukusanya kaye zao za kuandikia. Mutu hawezi kutoka Maliba kukuja kuitwa sifuri mbele ya benye bamezaliwa nyuma yake. Afande alikuwa na dawa moja tu, akaitumia: akasema "sifuri" tena, na sauti kubwa zaidi. Baluku akafika mulango.

Mi nikaruka mbele yake. "Baluku, ndugu, nikuulize moja. Kwa nyumba yenu, mbele yako alizaliwa nani?"

"Hapana mutu."

"Beko bangapi?"

"Nimekuambia hapana hata mumoja."

"Andika hiyo namba kwa ubao."

Akaandika 0. Akaangalia ile 0.

"Mi ni Kule. Mbele yangu beko bangapi?"

Akahesabu kwa vidole. "Batatu."

"Basi mi ni tatu. Kompyuta haiulizi wewe ni wa ngapi. Inauliza mbele yako beko batu bangapi. Na kwa yote tano, mutu mwenye anaangalia barabara tupu, hakuna hata kisigino ya mwenzake mbele, ni wewe peke yako."

Baluku akarudi, akakaa, na alikaa kama amevikwa taji. "Sifuri," akaambia jirani yake, "ni mi." Kutoka ile siku ba kwanza bote bakaanza kusalimiana kwa soko: "Sifuri!" "Sifuri, ndugu!" Na hakuna mwanafunzi hata mumoja tena alikosea kuhesabu orodha.

Afande alinikuta nafunga mulango, akaniita gisi banaita askari mupya. "Rikruti. Ile ya leo sijawahi kusikia popote." Ni hiyo tu. Mwaka muzima, sifa moja. Na mi nilienda nayo nyumbani kama nyama.

Halafu ikakuja mradi kutoka Kampala. Madam mumoja, kadi kwa shingo, masini mupya kumi na mbili, fulana ya njano, na karatasi ya masharti. Afande alisimama wima mpaka nikafikiri atapasuka mugongo. Madam aliuliza sisi tunafundisha aje, na Afande akamuandikia barua ndefu, akaeleza yote: mikono nyuma, sifuri, yote. Madam akafurahi sana. Akasema itaingia kwa kitabu ya mamenta ya nchi nzima.

Jumamosi yenye ilifuata Afande akasoma majina ya mamenta. Alisoma majina mbili, vijana bawili ba chuo, beko likizo. Akakunja karatasi.

"Afande, umeniruka."

Hakuniangalia. "Masharti inasema menta awe na cheti ya sekondari."

"Na nani aliniita? Cheti?"

"Amri imetoka juu. Keti na banafunzi, Rikruti."

Mbele ya bote. Mbele ya Baluku, mbele ya Biira. Nikakaa. Nilikaa, sijui juu ya nini nilikaa. Menta mupya akapita kwa Biira, akaona maandishi mekundu, akapitisha mukono juu ya bega yake, akabonyeza, "Tayari, dada!" Mi nikaangalia Afande. Nikangoja ile sauti. Macho yake iliona, najua iliona, juu shingo yake ilijaa mishipa. Lakini kijana alikuwa amevaa kadi.

Biira akasema kwa sauti, "Kule, kuja unisaidie, huyu simuelewi."

"Kimya!" Afande akafoka. Biira, siyo kijana. Biira ndiyo aliambiwa kimya.

Nikatoka. Sikurudi.

Miezi ikapita. Biira akakuja kwa meza yangu na kitabu ya mradi, karatasi inang'aa kama bia ya bure. "Ona maneno yako," akasema, akafungua. Ilikuwa pale: Baluku, visanduku tano, batu benye beko mbele, neno kwa neno, hata ile barabara tupu. Na chini, herufi ndogo: *Mfano huu umetoka kule Bwera.*

Kule. K ndogo.

Nikasoma mara tatu. Nikacheka, halafu nikarusha bisibisi mpaka ikavuka barabara. Nimezaliwa, nimepewa jina, nimekula ugali miaka ishirini na tatu, na batu bamenigeuza kuwa upande. Ukiuliza nani alieleza sifuri, banakuonyesha na mukono: kule, mbali, nyuma ya mulima. Kama ningeitwa Thembo ningebaki mutu.

Na nikasema ni Afande. Ni yeye aliandika barua, ni yeye alinifuta kwa orodha, akamalizia kunifuta kwa kitabu.

Mwezi jana nilienda Kasese kununua vioo vya simu. Nikaingia kwa hoteli ya chai karibu na steji, na Afande alikuwa ndani, peke yake, anangoja gari ya Maliba. Amekonda. Viatu bado inang'aa.

"Rikruti!"

"Umekosea mutu. Mi ni upande wa Bwera."

Alielewa mara moja. Akafungua kifungo ya mufuko ya ndani, akatoa karatasi imekunjwa mpaka inataka kukatika. Ilikuwa kopi ya ile barua. Akaweka kidole. *Mfano huu umetoka kwa Kule, Bwera.* K kubwa kama nyumba.

"Mi niliandika vizuri," akasema. "Bale ba Kampala bakatoa 'kwa', bakatoa alama, bakapunguza K. Bakafikiri muzee wa jeshi hajui kuandika. Bakanisaidia."

"Uliona lini?"

"Kabla ya kuchapa. Balinitumia nisome."

"Na ukasema nini?"

Akaanza kukunja ile barua tena. Muhudumu akapita, akaweka andazi, akaondoka.

"Afande. Ukasema nini?"

"Nikasema, sawa madam."

Sasa hapo ndiyo hasira yangu ilipata miguu. Nikamuambia, batu beko ndani banasikia, sikujali: "Wewe unafokea batoto benye banasahau mabano! Unafokea Biira! Na neno moja ya kunirudisha kuwa mutu ikakushinda? Kule ni mutu, inakushinda kusema?"

"Nafungua darasa Maliba," akasema polepole. "Baluku amepata nyumba. Mradi haifiki, masharti haifiki. Nataka menta. Wiki ijayo ningekuja Bwera kukutafuta."

"Maliba nitakuja. Nataka kuja. Lakini si kwa kujificha nyuma ya mulima ndiyo unanirudisha. Jina yangu kwanza. Piga simu."

"Kwa nani?"

"Unajua kwa nani. Sasa hivi, na weka sauti nje."

Alitafuta namba na kidole gumba kama mutu anakanyaga shamba ya mabomu. Ikalia mara ine.

"Madam, ni Afande wa Bwera. Ni juu ya kitabu. Ile somo ya sifuri, mumeandika imetoka kule Bwera."

"Ndiyo, muzee," sauti ya madam ikajaza hoteli, "tuliandika inatoka kule kwenu. Kuna shida?"

Akaniangalia. Mi nikamuangalia.

"Iko," akasema. "Kule si pahali, madam. Kule ni mutu. Ni menta wangu. Iko hapa mbele yangu, amekasirika, na iko na haki."

Hata bale ba meza ya nyuma bakaacha kutafuna.

"Huyo ndiyo yule hana cheti?"

"Ndiye."

"Afande, masharti unayajua—"

Simu ikakatika. Netiweki ama madam, sijui. Afande akaiweka kwa meza. Jasho ilikuwa inashuka mpaka kwa kola.

"Umetosheka?"

"Hapana, Afande."

Nje konda akaita Maliba, Maliba, ya mwisho. Afande akasikia, hakugeuka. Akapangusa kidole kwa shati, akashika simu, akaanza kutafuta ile namba tena.